Kuandika shajara ya maumbile kama Waingereza wa enzi ya Edward VII, bila kumsahau aliyewasha moto

Shajara ya maumbile haidai kipaji kikubwa cha uchoraji. Inadai mwanga wa mchana. London mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri, kwa hiyo mwanga wa siku nzima haufiki muda wa saa 8. Mwezi Juni mwanga huo huzidi saa 16. Mfalme Edward VII alitawala kuanzia Januari 22, 1901 hadi Mei 6, 1910, na waandishi wa historia huivuta enzi yake hadi vita vya 1914. Katika miaka hiyo, aliyeweza kukaa dirishani saa 4 asubuhi akichora tawi alikuwa na kitu ambacho mtumishi wa jikoni kwake hakuwa nacho. Daftari la namna hii basi linaeleza mambo mawili: nini kilichanua, na nani alikuwa na nafasi ya kukiangalia. Mwongozo huu unafundisha kuliandika kwa namna inayobeba yote mawili, uwe unalianzisha kwa mapenzi yako, unafundisha historia darasani, au unatunga riwaya na unataka kurasa za mhusika wako ziaminike.

Chagua njia moja na uishikilie

Kosa la kwanza la wengi ni kutembea kila mahali. Waandishi wazuri wa enzi ile walirudia njia ileile mwaka mzima, kwa sababu bila kurudia huwezi kujua kipi kimebadilika. Chukua mzunguko wa kilomita 2 hivi, unaokamilika ndani ya saa moja hata ukisimamasimama. Uwe na angalau mti mmoja mkubwa, maji kidogo (mfereji au bwawa), ukingo wa shamba au ua wa miti, na mahali pamoja ambapo watu hufanya kazi. Weka vituo 5 hadi 8 na uvipe namba. Kuanzia hapo andika "kituo cha 3", usiandike "karibu na ule mti". Miezi sita ikipita hutaukumbuka mti gani.

Pita mara mbili au tatu kwa wiki, wakati uleule. Ukilinganisha saa zako na za daftari la kale la Uingereza, kumbuka kwamba huko saa hazikuanza kusogezwa mbele majira ya joto mpaka Mei 1916. Ndege aliyeandikwa kuimba saa 10 alfajiri mwaka 1906 ni yule ambaye saa ya leo ya Uingereza ingesema kaimba saa 11.

Anayetunga shajara ya mwaka maalumu aanze na kalenda. Mwaka 1906, kwa mfano, ulianza Jumatatu, kama 2018, na Pasaka yake ilikuwa Aprili 15. Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo Uingereza ilipigwa na joto kali. Septemba 2 kipimo kilifika nyuzi 35.6 za Selsiasi huko Bawtry. Baada ya Krismasi theluji nyingi ilianguka. Ukimvika mhusika wako sweta Septemba 2, msomaji anayejua ataacha kukuamini papo hapo.

Daftari, wino na rangi

Karatasi ndiyo sehemu ya kutumia pesa. Karatasi iliyosifiwa zaidi kwa rangi za maji Uingereza ilibeba jina la Whatman, ikitengenezwa Kent kwa matambara ya kitani na pamba. Matambara hayo yalichambuliwa na kukatwa vipande na wanawake wa kiwandani, kazi ya vumbi ya siku nzima. Leo tafuta karatasi ya pamba 100%, uso laini uliopigwa pasi ya moto, uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Uso laini unafaa kwa sababu michoro ya mimea ina mistari myembamba, na karatasi yenye chenga huukatakata mstari. Kwenye karatasi ya gramu 90 ya daftari la shule, ukurasa utajikunja kama samaki mkavu mara tu maji yakigusa. Ikiwa hiyo ndiyo uliyonayo, chora kwenye kipande kizito kisha ukibandike. Wengi walifanya hivyo zamani, na hakuna aibu.

Wino wa kuandikia wakati ule ulikuwa wa chumvi ya chuma na uvimbe wa mwaloni. Huanza kijivu, hukolea hadi mweusi, na baada ya miaka mingi hugeuka hudhurungi na kuila karatasi. Usiutafute. Tumia wino wa pigmenti usioyeyuka kwa maji, na uandike kabla ya kupaka rangi. Ukitumia wino wa kalamu za kawaida, tone moja la maji litasambaza bluu juu ya ua lako jeupe. Ukitaka mwandiko wenye unene unaobadilika kama wa zamani, nunua kalamu ya kuchovya yenye ncha ya chuma. Kituo kikuu cha dunia cha kutengeneza ncha hizo kilikuwa Birmingham, na waliozigonga kwa mashine za mkono, maelfu kwa maelfu, wengi wao walikuwa wanawake na wasichana. Bibi aliyeandika jina la ua kwa mwandiko wa maringo alishika kazi ya mikono yao kila siku.

Rangi nane zinatosha: njano ya limau, oka ya njano, nyekundu nyangavu, nyekundu ya waridi, bluu ya kobalti, bluu ya ultramarini, siena iliyochomwa, na nyeupe ya zinki. Nunua za vibonge, si za tyubu; kampuni ya Winsor & Newton ilikuwa ikiuza vibonge laini tangu miaka ya 1830, na vilikuwa vikiingia kwenye kisanduku cha bati cha kutia mfukoni. Kinachoshikanisha rangi hizi ni gundi ya mgunga, ambayo nyingi ilitoka Sudan. Kwa brashi, chukua moja tu nzuri, namba 4, yenye ncha inayojirudi ikiloa. Brashi tatu za bei rahisi hazifikii moja hiyo.

Onyo moja la dhati. Ukikuta kisanduku halisi cha rangi cha miaka ya 1900 sokoni au mtandaoni, kiweke kama pambo. Kijani cha zumaridi cha wakati ule kina shaba na aseniki, nyekundu ya vermilioni ina zebaki, na njano ya kromu ina risasi. Na hata kwa rangi za leo, usinoe ncha ya brashi kwa midomo. Ni tabia iliyozoeleka sana, na ni mbaya.

Kwa aliye pwani ya Afrika Mashariki: acha kisanduku wazi mpaka rangi zikauke kabisa kabla ya kufunga, la sivyo ukungu utaota ndani ya siku chache. Gundi ile ni chakula chake.

Unachoandika njiani

Njiani beba penseli ya HB na kijitabu kidogo, basi. Rangi zibaki nyumbani. Kabla hujatoka kwenye kila kituo andika mambo haya kwa mpangilio uleule: saa, joto, upepo, kisha kiumbe, idadi, na alichokuwa akifanya. Idadi ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye thamani. "Maua mengi" hayalinganishwi na chochote. "Mashina 14" yanalinganishwa na ya mwakani.

Upepo pima kwa kipimo cha Beaufort, 0 hadi 12. Kwa kawaida utahitaji 0 hadi 6 tu: moshi unaopanda wima ni 0, majani yanayocheza mfululizo ni 3, matawi makubwa yanayoyumba ni 6. Mvua ilikuwa na watu wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uingereza ilikuwa na wapimaji wa kujitolea zaidi ya 3,000, wakiwemo makasisi, madaktari na watunza bustani wa matajiri, wote wakisoma vipimo saa 3 asubuhi. Wafuate. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, lizike kidogo ili mdomo wake ukae sentimita 30 juu ya ardhi, mbali na ukuta au mti kwa angalau mara mbili ya kimo cha ukuta au mti huo, na upime kina cha maji kwa rula. Mvua uliyoikuta asubuhi iandikwe kwenye tarehe ya jana, maana sehemu kubwa ya saa zake 24 ni za jana. Usipoizingatia kanuni hii, jedwali lako litapishana siku moja na la kila mtu.

Majina andika mawili, la kienyeji na la Kilatini. Hapa kuna mtego kwa anayesoma vitabu vya zamani: baadhi ya majina ya Kilatini yamebadilika. Ua la bluu linalotandaza misitu ya Uingereza Aprili na Mei, leo Hyacinthoides non-scripta, vitabu vya wakati ule huliita Scilla nutans. Ukiandika kama mtu wa 1906, tumia la 1906, na uweke la leo kwenye faharasa ya mwisho.

Mfuatano wa mwaka wa Kiingereza ni huu, kwa ufupi. Januari na Februari hezeli, mti mdogo wa njugu, hutoa mikufu yake ya maua na Galanthus nivalis, kiua cheupe kilichoinamisha kichwa, hutoka ardhini. Machi na Aprili ni zamu ya primula za njano. Katikati ya Aprili mbayuwayu na kekeo hurudi kutoka Afrika. Mei huchanua Crataegus, mti wa miiba unaofanya ua za mashamba zionekane kama zimepigwa chokaa. Juni ni waridi la mwitu. Agosti na Septemba ni beri nyeusi, na Oktoba nyuki hujazana kwenye maua ya Hedera, mmea unaotambaa ukutani.

Kuchora kijiti cha hezeli, hatua kwa hatua

Tunachukua hezeli, Corylus avellana, kwa sababu inapatikana Januari wakati hakuna kingine, na kwa sababu inafundisha haraka.

Kata kijiti cha sentimita 15 chenye mikufu ya maua ya kiume inayoning'inia. Kabla hujakata, tafuta kwenye kijiti hichohicho ua la kike: ni kichipukizi kidogo kilichotoa nyuzi nyekundu zenye urefu wa milimita 2 au 3. Wachoraji wengi hulikosa, na mchoro wa hezeli usio na ua la kike ni nusu ya mmea. Kisafirishe kikiwa kimefungwa kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo la bati. Watu wa enzi ile walivaa kopo la namna hiyo begani kwa ukanda, na lilifanya kazi nzuri kwa sababu bati huzuia upepo usikaushe petali.

Ukifika nyumbani, chora mara moja. Joto la chumba chenye moto huifungua mikufu iliyokuwa imefunga. Unaweza kurudi baada ya chakula ukakuta imerefuka na kumwaga chavua ya njano juu ya ukurasa. Kwa hiyo anza na kile kinachobadilika haraka, kisha ukimaliza ndipo uchore gome, ambalo litakungoja hata wiki.

Kaa mwanga ukitokea juu kushoto kwako (kulia, kama unatumia mkono wa kushoto). Waingereza walipenda dirisha la kaskazini kwa sababu kwao jua karibu halipiti huko, na mwanga hubaki sawa. Ushauri huo ukiuhamishia Dar es Salaam au Mombasa bila kufikiri utakupotosha: kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo miezi hiyo dirisha la utulivu ni la kusini, Novemba hadi Februari ndipo la kaskazini linafaa.

Pima kwa bikari na uchore kwa ukubwa halisi. Ukikuza, andika "×3" pembeni. Penseli iwe 2H, mstari mwepesi sana, na ukikosea futa kwa tonge la mkate uliolala, kama walivyofanya wao. Kifutio kigumu hukwangua uso wa karatasi, na rangi ikifika hapo huzama na kuacha baka.

Kuna shule nyingine isiyotumia penseli kabisa. Charlotte Mason, aliyefungua chuo chake cha walimu Ambleside mwaka 1892, alitaka wanafunzi wachore moja kwa moja kwa brashi kavu. Mbinu hiyo ndiyo tunayoipendekeza hata kwa wanaoanza. Lowesha brashi kwa rangi nzito, ifute kwenye kitambaa mpaka isidondoke hata kidogo, kisha weka viharusi vifupi ukifuata jinsi kitu kilivyoota. Maji kidogo maana yake ni makosa madogo. Anayeanza kwa maji mengi hupata dimbwi, na dimbwi likikauka huacha ukingo mweusi kuzunguka kila jani.

Rangi za mikufu: oka ya njano na njano ya limau nusu kwa nusu, kisha kivuli cha siena yenye chembe ya ultramarini. Nyuzi za ua la kike: nyekundu ya waridi isiyochanganywa, kwa ncha ya brashi, mara moja, usirudie. Gome: ultramarini na siena, ukizidisha ya kwanza unapata kijivu baridi, ukizidisha ya pili unapata hudhurungi. Mchanganyiko huohuo ndio anga la Kiingereza lenye mawingu, na ndio "nyeusi" yako. Nyeusi ya kununua huua ukurasa.

Kijani ndicho kinachowashinda wengi, kwa sababu njano na bluu peke yake hutoa kijani cha plastiki. Jani changa: njano ya limau sehemu 3, kobalti sehemu 1, na chembe ya siena ya kuituliza. Jani la Hedera: ultramarini na oka, kisha nyekundu kidogo sana. Ua jeupe usilipake nyeupe. Acha karatasi yenyewe iwe petali, weka kivuli chembamba cha kobalti na oka nyuma yake, na nyeupe ya zinki itumie kwa nukta za mwisho tu. Ikichanganywa kwenye kila rangi hufanya picha nzima ionekane kama imepakwa unga.

Kabla ya kufunga daftari, ngoja. Karatasi ya pamba huonekana kavu juu ilhali ndani ingali na unyevu; ikiwa ukiigusa kwa nyuma ya mkono inahisi baridi, bado.

Safu ya watu

Hapa ndipo tunapoachana na madaftari mengi ya wakati ule. Mengi yao ni matupu ya watu. Unasoma mwaka mzima wa mashamba bila mkulima, ua za miti bila aliyezipogoa. Chora mstari wima kwenye kila ukurasa, theluthi moja ya upana upande wa kulia, na safu hiyo iwe ya watu: nani alikuwa njiani, akifanya nini, saa ngapi, na nani hakuruhusiwa kupita.

Ili uijaze kwa haki unahitaji hesabu ya fedha. Pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 ilikuwa peni 12. Kibarua wa shamba alipata kati ya shilingi 14 na 20 kwa wiki kutegemea mkoa. Mtumishi wa ndani, kazi iliyoajiri wanawake wengi kuliko nyingine yoyote Uingereza, alipata pauni 10 hadi 20 kwa mwaka, pamoja na chakula na kitanda. Utafiti wa Seebohm Rowntree mjini York mwaka 1899 ulikadiria kwamba baba, mama na watoto watatu walihitaji shilingi 21 na peni 8 kwa wiki ili miili yao tu iendelee kufanya kazi. Hesabu hiyo haikuwa na nafasi ya nauli, gazeti wala stempu ya barua. Daftari na rangi hazikuwamo.

Sasa linganisha siku. Mtumishi wa kazi zote aliamka karibu saa 12 alfajiri au kabla, akasafisha majivu, akawasha moto, akapandisha maji ya moto, na binti wa nyumba alipoteremka kwa kifungua kinywa saa 2 au 3 chumba kilikuwa na joto. Ule moto uliofungua mikufu ya hezeli mezani uliwashwa na mtu. Mapumziko ya mtumishi yalikuwa kwa kawaida alasiri moja ya wiki na Jumapili kwa zamu. Akitoka saa 9 alasiri mwezi Desemba, alibakiwa na mwanga wa chini ya saa moja. Andika jambo hili kwenye safu: mwanga uliobaki alipotoka. Ni takwimu rahisi kupatikana, na inasema kuliko aya nzima ya huruma.

Juu ya ngazi ya jamii kulikuwa na uwindaji, uliokuwa na kalenda yake: Agosti 12 kwa ndege wa nyika za kaskazini, Septemba 1 kwa kware, Oktoba 1 kwa fizanti. Sandringham, shambani kwa mfalme, saa zilitangulizwa nusu saa ili wawindaji wapate mwanga zaidi. Hata mwanga uliweza kuamriwa. Mlinzi aliyelea fizanti wa tajiri aliua kila mla nyama aliyewakaribia, na ilikuwa desturi kutundika mizoga ya vipanga na vicheche kwenye uzio. Ukiandika kuhusu kupungua kwa vipanga bila kumtaja mwajiri wa mlinzi huyo, umeeleza nusu ya sababu. Msitu uleule ambao binti wa kasisi aliingia na kikapu cha maua, mtoto wa kibarua akionekana humo alishukiwa ujangili.

Usiwafanye wafanyakazi kuwa watazamaji tu, hata hivyo. Lancashire ilikuwa na mapokeo marefu ya wafumaji na mafundi waliosoma mimea, wakikutana kwenye vilabu vya pombe Jumapili, sampuli mezani, majina ya Kilatini yakitajwa kwa kauli. Watoto wa shule za serikali nao walianza kufundishwa somo la maumbile; maonyesho makubwa ya somo hilo yalifanyika Regent's Park, London, mwaka 1902. Lakini kumbukumbu za walimu wakuu wa shule hizo zimejaa madawati matupu ya vuli: watoto wameenda kuchuma beri au kuvuna viazi. Beri nyeusi ya Septemba kwa binti ilikuwa somo la kuchora, kwa mtoto wa kibarua ilikuwa peni kadhaa. Zichore, na uandike bei.

Wala usisahau kwamba binti mwenyewe alikuwa amefungiwa mlango mwingine. Jumuiya ya Linnean ya London, chama cha wanasayansi wa maumbile, haikuchagua wanawake kuwa wanachama mpaka mwisho wa 1904. Ndiyo maana ujuzi mwingi wa kweli uliishia kwenye madaftari yanayoitwa burudani. Wanawake ndio pia walioanzisha, mwaka 1889, kampeni dhidi ya kofia za manyoya ya ndege. Jumuiya iliyotokana nayo ilipata hati ya kifalme 1904. Ukichora manyoya, basi, andika yametoka wapi.

Mfano wa mpangilio wa ukurasa mmoja (ni kiolezo, si taarifa ya siku hiyo):

Jumatano, Aprili 18. Saa 1:30 asubuhi. Nyuzi 46 za Farenhaiti. Upepo kusini-magharibi, 3. Mvua ya jana inchi 0.12.
Kituo 3: Primula vulgaris, mashina 14 yamechanua, ukingo wa kaskazini.
Kituo 5: mbayuwayu 2, wa kwanza mwaka huu, wanaruka chini juu ya bwawa.
Watu: mwanamke na watoto 2 wanaokota mawe shambani, wako pale tangu kabla hatujapita. Kituo 6: uzio una vicheche 2 na kipanga 1, vibichi.

Inchi moja ni milimita 25.4. Ukiandika kwa ajili ya wasomaji wa leo, weka vipimo vyote viwili kwenye faharasa, ukurasa uachwe na sauti yake.

Vya kuacha zamani

Mayai ya ndege na vipepeo vilivyochomwa pini vilikuwa sehemu ya burudani hii. Acha. Uingereza ya leo sheria inakataza kuchukua mayai ya ndege wa mwituni, na kung'oa mmea wa mwituni bila ruhusa ya mwenye ardhi. Kata tawi moja pale ambapo yapo mia, au uchore ukiwa umepiga magoti.

Ukikausha mimea, weka kati ya karatasi za kunyonya wino chini ya uzito wa kilo 10 hivi, na ubadilishe karatasi kila siku kwa siku nne za mwanzo. Kosa la kuchelewa kubadilisha ndilo huleta ukungu na madoa meusi. Mimea yenye majani manene ichovye kwanza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, la sivyo itaendelea kuishi na hata kukua ndani ya kitabu. Bluu hufifia upesi. Ipake rangi siku uliyoichuma.

Mbayuwayu wa kituo cha 5

Kuna ukurasa mmoja ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuandika na Mwingereza wa 1906 hakuweza. Yeye aliona mbayuwayu, Hirundo rustica, akiondoka Septemba au Oktoba, na hakuwa na uthibitisho wa alikokwenda. Kuwavalisha ndege pete zenye namba kulianza Uingereza mwaka 1909. Mbayuwayu mmoja aliyevalishwa Staffordshire Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 23, 1912, na habari hiyo iliwashangaza wengi. Mwaka huohuo wa 1909 ilianzishwa Nairobi jumuiya ya maumbile ya Afrika Mashariki na Uganda, klabu ya wakoloni, ambayo madaftari yake yalikuwa na pengo lilelile la watu: waliojua njia na majina ya ndege hawakuandikwa.

Mbayuwayu wa aina hiyohiyo wanapita kwetu kati ya Septemba na Aprili. Waandike: tarehe ya kwanza na ya mwisho kuwaona, idadi kwenye waya za umeme saa 12 jioni, na jina wanaloitwa na watu wa mahali hapo, pamoja na kazi ya aliyekutajia. Mwisho wa mwaka nakili tarehe zote za kwanza kwenye ukurasa mmoja, mstari mmoja kwa kila kiumbe, na uache safu wima tisa tupu kwa miaka inayofuata.